Nimetoka kusikiliza Messiah ya Handel live, naombeni tuongee kuhusu sauti ya alto

#1 (mleta uzi)

Wadau habari zenu. Uzi utakuwa mrefu kidogo mnivumilie, jana usiku nilikuwa kwenye konseti ya kwaya ya msimu huu wa Krismasi na mpaka sa hivi sijatulia, nikifumba macho naisikia, kwa hiyo nimeona niandike kabla haijapoa.

Kwanza nijieleze. Nimeimba kwaya miaka 11, alto, sauti ya pili. Aliyewahi kuimba alto anajua maisha yetu. Soprano wanapewa melodi, besi wanashikilia nyumba isianguke, tenor (wanaume wa sauti ya juu) wakipanda juu watu wote wanageuka kuangalia, sisi tunapewa noti tatu nne hapo katikati tunazunguka nazo humo humo, na wimbo ukiisha mtu akikuomba umwimbie ulichoimba unajikuta unamwimbia ya soprano maana ya kwako ikiwa peke yake haieleweki. Kuna mwalimu wa kwaya moja niliyopita zamani alishawahi kusimamisha mazoezi akasema alto kazi yenu kujaza tu, sitaki kuwasikia. Nilikuwa na miaka 19. Hilo neno nilikaa nalo miaka mingi, hata nilipohamia kwaya nyingine nilikuwa naimba kwa kujibana.

Sasa Messiah, ile kazi ndefu ya kwaya na orkestra ya mtunzi Handel, nilikuwa naijua kwa rekodi, na kusema ukweli nilikuwa naijua Haleluya, vingine nilikuwa naruka. Kwenye simu unasikia soprano, unasikia tarumbeta, basi, huko katikati kote ni kama ukungu.

Jana ilikuwa kanisa kubwa la mawe, dari iko juu kweli kweli, kwaya watu kama 40, vayolini na ndugu zake, obo (aina ya zumari), hapsikodi (kinanda cha zamani cha nyuzi), kinanda kidogo, na timpani mbili, zile ngoma kubwa, pembeni. Nikakaa benchi la saba upande wa kushoto, sikuchagua, ndo nafasi iliyokuwepo. Kumbe ndo upande wa alto, nikawahesabu, walikuwa 9.

Walichoimba ni sehemu ya kwanza tu, ile ya unabii na kuzaliwa, alafu wakafungia na Haleluya. Kwaya nyingi zinafanya hivi msimu wa Krismasi maana kazi nzima ina sehemu tatu na inaenda kama masaa mawili na nusu.

Inaanza orkestra peke yake, nzito, ya huzuni. Alafu anasimama tenor mmoja, peke yake, anaimba yale maneno ya Isaya 40 ya kuwafariji watu. Yaani kutoka ile huzuni ya mwanzo mpaka sauti ya yule kaka inavyofunguka ni kama mtu amefungua dirisha. Akaimba ya pili, ile ya mabonde kuinuliwa, na neno lenyewe la kuinua linapanda na kuzunguka noti nyingi sana kwa pumzi moja. Muda wote huo kwaya wako kimya. Dakika kama 10 hivi watu 40 mbele yako na hawajatoa hata sauti, nikawa nimeshasahau kama wapo.

Alafu wakasimama. Vayolini zikaanza, mwendo wa tatu tatu, mwepesi, na mimi nikajiandaa kusikia soprano.

Wakaingia alto. Peke yao!

Wadau sauti ya kwanza kabisa ya kwaya kwenye Messiah nzima ni ya alto. Wale 9 wakaingia na utukufu wa Bwana, hakuna soprano juu yao, hakuna besi chini, sauti ya kifuani ile ya joto, na kanisa lote likajaa, ndo kwaya nzima ikawajibu. Miaka yote 11 sikujua. Nimeimba Haleluya ya mtu huyu sijui mara ngapi na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba alipotaka kwaya ifungue mdomo kwa mara ya kwanza alitupa sisi. Nikalia. Sikuweza kuzuia na wala sikuona sababu ya kuzuia.

Baada ya hapo nikawa nawasikia wao tu. Tangazo la bikira kuchukua mimba, Isaya 7, anaimba alto. Wimbo wa anayeleta habari njema Sayuni unaofuata, alto tena, na kwaya nzima inakuja kumalizia alichoanzisha yeye. Ule wa mchungaji atakayelisha kundi lake, alto anaanza chini, taratibu kama mtu anabembeleza mtoto, alafu melodi ileile anapewa soprano ila sasa imepandishwa juu, na unaelewa kwa nini imepanda kwa sababu ulishaisikia ikiwa chini.

Na tarumbeta. Sijawaona mbele nikadhani hamna. Ilipofika malaika wanawatokea wachungaji, wale wa "Utukufu kwa Mungu juu", zikalia kutoka roshani ya nyuma, juu ya vichwa vyetu, watu wote wakageuka. Baadaye nikasoma kwamba Handel mwenyewe aliandika kwenye noti zipigwe kama zinatokea mbali na zisiwe kubwa sana. Hiyo kwenye rekodi haipo, spika iko mbele yako, hamna nyuma.

Mwisho nimtaje mpiga timpani. Alikaa saa nzima hajapiga kitu. Nilimwona mara mbili tatu anainama anaweka sikio karibu kabisa na ngoma, anaigusa kwa kidole anakagua sauti, anarudi kukaa. Saa nzima anajiandaa kwa dakika 4 za Haleluya. Alipopiga nilihisi kwenye mbao za benchi kabla sijasikia masikioni.

Naombeni mliowahi kwenda konseti za hivi mniambie mlisikia nini. Na alto mliopo humu jitokezeni.

#2

Dada umeandika mpaka nimetamani. Mimi sijawahi kwenda, nyumbani nasikiliza nyimbo za Krismasi za kwaya kama kawaida ila konseti ya watu wamekaa kimya na noti mikononi naogopa. Maswali matatu. Kiingereza cha zamani nitakielewa? Nisiposoma muziki nitapata nini? Na hiyo habari ya kutopiga makofi ikoje, sitaki kuwa mtu wa kwanza kupiga makofi peke yangu.

#3 (mleta uzi)

@#2 karibu sana na usiogope. Maneno ya Messiah yote ni ya Biblia, aliyeyakusanya ni Charles Jennens, hakutunga hadithi, alichukua mistari akaipanga. Kwa hiyo soma nyumbani siku moja kabla, kwa Kiswahili chako, Isaya 40 mwanzoni, Isaya 7:14, Isaya 9 mstari wa 2 na wa 6, Luka 2 pale kwa wachungaji. Ni kama robo saa tu. Ukifika kule utashangaa, neno moja wanalirudia mara nyingi hivyo hata Kiingereza kikikupita hisia inakukuta. Na mara nyingi mlangoni wanakupa karatasi yenye maneno.

Kusoma muziki hakuhitajiki kabisa. Chagua sauti moja uifuate. Kweli, wimbo mmoja fuata besi tu, unaofuata fuata tenor, utashangaa kila mtu ana safari yake na wanakutana wapi.

Makofi: subiri mwongoza kwaya ashushe mikono kabisa na ageuke. Akiwa bado kaiinua maana yake haijaisha hata kama kuko kimya. Hakuna anayekufukuza ukikosea, ila ile mwangwi ya mwisho inavyotembea darini mpaka inaisha, hiyo ndo nusu ya raha ya kwenda kwenye jengo la namna ile, ukipiga makofi mapema unaikata. Na peremende za kikohozi zifungue kabla hawajaanza, ile karatasi inasikika benchi 10.

#4

Mimi ni tenor na tumeimba hiyo hiyo wiki iliyopita, sehemu ya kwanza na Haleluya. Nikupe ya upande wa pili.

Zile dakika 10 ulizosahau kama tupo ndo ngumu kuliko zote dada. Umeshapasha sauti tangu mapema, umekaa, koo linaanza kukauka, na ukisimama unatakiwa uwe kama hujakaa kabisa. Alto wetu walikuwa wameshikana mikono kabla ya kusimama, nimewaona, maana wakikosea wao kuingia hamna wa kujificha nyuma yake. Kwa hiyo wewe ulivyolia, nakwambia nao walikuwa karibu kulia kwa sababu nyingine.

Kuna kitu mtu akikaa mbele ataona. Kwenye noti ndefu hatupumui pamoja. Tunapokezana, jirani yangu akivuta mimi nashikilia, mimi nikivuta yeye anashikilia, unaivuta katikati ya irabu, siyo mwisho wa neno ambapo kila mtu anataka kuvuta. Ukisikia sauti haikatiki nusu dakika ujue watu wameshavuta pumzi mara kadhaa bila wewe kujua.

Alafu ule wa Isaya 9:6 wa mtoto amezaliwa, mnajua ulitoka wapi? Ulikuwa wimbo wa mapenzi. Handel Julai 1741 alikuwa ameandika dueti ya Kiitaliano, sauti mbili, mtu anakataa kabisa kuyaamini mapenzi, inaanza na neno "No", yaani hapana, siwaamini. Wiki chache baadaye akachukua melodi hiyohiyo akaiwekea maneno ya Isaya. Ndo maana lile neno la kwanza la Kiingereza, "For", ambalo ni kaneno kadogo tu, limekaa kwenye noti yenye mkazo. Pale palikuwa pa "hapana". Mwalimu wetu alituhangaisha wiki mbili nzima tulilainishe, kila tukiimba anasema mnagomba, msigombe, mtoto kazaliwa. Nilipoelewa asili yake ndo nikaweza.

Messiah yote aliandika kwa siku 24, Agosti 22 mpaka Septemba 14 mwaka huo wa 1741. Kwa hiyo kuchukua alichokuwa nacho mkononi inaeleweka, na wenzake wote wa zama zile walikuwa wanafanya hivyo.

#5

Samahani mkuu #4, Agosti kaandika, ikaimbwa Krismasi?

#4

@#5 hapana, mara ya kwanza iliimbwa Dublin, Aprili 13, 1742, karibu na Pasaka. Na ukiiangalia nzima ni ya Pasaka zaidi maana sehemu ya pili ni mateso na kufufuka kwa Kristo, na ya tatu ni ufufuo wa wafu. Handel mwenyewe hakuifanya kuwa ya Krismasi. Haleluya haihusiani na hori kabisa, imekaa mwisho wa sehemu ya pili baada ya mateso na ufufuo. Sisi wa siku hizi ndo tumeivuta Desemba.

Siku ile Dublin walitangaza wanaume wasije na panga na wanawake wasivae zile gauni zenye matao ndani, ili watu wengi waenee, wakaenea kama 700. Mapato yakaenda hospitali mbili na kwa wafungwa wa madeni, wakatolewa gerezani watu 142. Kila tukiimba Haleluya nawafikiria hao 142, kuna mtu alirudi kwa watoto wake kwa sababu ya muziki huu.

#6 (mleta uzi)

@#4 hiyo ya "hapana" imenimaliza, sitaisikia tena vilevile. Na asante kwa habari ya kushikana mikono.

Niongezee ya Dublin kwa ajili ya alto. Kwaya ya siku ile ilikuwa ya wanaume na wavulana kutoka makanisa makuu mawili ya pale, kwa hiyo alto kwenye kwaya walikuwa wanaume. Ila kwenye solo kulikuwa na mwanamke, Susannah Cibber, alto, na huyu kazi yake kubwa ilikuwa uigizaji wa jukwaani, na alikuwa ametoka kwenye kashfa ya ndoa iliyopelekwa mpaka mahakamani London, jina lake limechafuliwa kila mahali. Hakuwa na sauti kubwa ila alikuwa anajua kubeba neno. Handel akampa ile solo ya sehemu ya pili ya aliyedharauliwa na kukataliwa na watu, Isaya 53. Fikiria mwanamke aliyepita hayo anasimama mbele ya watu 700 anaimba maneno hayo. Inasimuliwa kasisi mmoja, Patrick Delany, alisimama akasema kwa sauti kwamba kwa wimbo huo dhambi zote za mwanamke huyo zisamehewe.

Sijui kama alisema hivyo kwa upole au kwa kumkumbusha dhambi zake. Mimi namfikiria Cibber tu. Nikimfikiria, na nikikumbuka neno la mwalimu wangu yule la kujaza, natamani ningekuwa nalijua hili nikiwa na miaka 19.

#7

Naheshimu Messiah ila nitaongea kwa ajili ya mtunzi Bach maana naona hamumtaji. Oratorio yake ya Krismasi (habari ya Biblia inayoimbwa), hiyo ndo ya Krismasi tangu kuandikwa. Ni kantata sita, yaani kazi fupi za kuimbwa zenye kwaya na solo, na mwaka wa kwanza ziliimbwa Leipzig siku sita tofauti, Desemba 25, 26 na 27 mwaka 1734, alafu Januari 1, 2 na 6 mwaka 1735. Ilikuwa kwenye ibada, siyo konseti. Mtu alikuwa anaenda nayo siku hadi siku mpaka mamajusi wanafika. Sasa hivi wengi wanaimba tatu za kwanza usiku mmoja, au sita zote ukiwa na makalio ya chuma.

Dada mwenye uzi, wewe na mpiga timpani wako wa kusubiri saa nzima, huku kwa Bach yeye ndo anaanza! Kabla ya mtu yeyote, timpani peke yake, noti tano, alafu filimbi, alafu tarumbeta tatu zinaingia. Ukiwa umekaa humo ndani kifua kinafunguka. Sababu yake ni kwamba muziki huo aliutunga 1733 kwa siku ya kuzaliwa ya malkia, na maneno ya mwanzo yalikuwa yanaziambia ngoma zilie na tarumbeta zipige. Kwa hiyo ngoma zilikuwa zinatii amri. Alivyobadilisha maneno kuwa ya Krismasi akaziacha palepale.

Na kwa vile unawapenda alto: solo za alto mle ni tatu kubwa. Ya kwanza Sayuni anaambiwa ajiandae kumpokea bwana arusi. Ya pili ni wimbo wa kumlaza mtoto, na noti moja pale mwanzo inashikiliwa ndefu mpaka unahisi mtoto kasinzia. Huo nao ulitoka kwenye kazi nyingine, ya Hercules, yule shujaa wa hadithi za kale, ambapo mhusika anayeitwa Anasa anambembeleza kijana alale asahau wajibu wake. Bach akauchukua usingizi wa kumpoteza mtu akampa mama anayemlaza mwanae. Na ya tatu, ile anauambia moyo wake uuhifadhi muujiza huu, inaaminika ndo aria (wimbo wa mwimbaji mmoja) pekee humo ndani ambayo hakuichukua popote, aliitunga upya. Vayolini moja na alto. Wengi wanasikia sauti ya Mariamu hapo.

Kwa hiyo kati ya zote, alipoamua kutunga kitu kipya, alitunga kwa alto.

#8 (mleta uzi)

@#7 mkuu mbona hili hukuniambia miaka 11 iliyopita? Naitafuta, na nikipata wanaoiimba karibu naenda hata kwa kusimama.

#9

Mimi nina la tofauti kidogo, kuhusu kusimama kwenye Haleluya. Nilienda konseti moja nusu ya watu wakasimama nusu wakakaa, aliyekuwa nyuma yangu akanigusa bega nisimame kwa hasira kabisa, nikawa sisikilizi tena nawaza bega. Hii sheria imetoka wapi?

#4

@#9 pole. Siyo sheria. Hadithi ni kwamba mfalme George II alisimama ilipoimbwa London 1743 na mfalme akisimama wote wanasimama. Ila walioishi wakati huo hakuna aliyeandika kwamba alikuwepo. Habari hiyo inaonekana mara ya kwanza kwenye barua ya 1780, miaka 37 baadaye. Anayetaka asimame, mimi mwenyewe nikiwa kwenye mabenchi nasimama maana naisikia vizuri zaidi nikiwa nimesimama, ila kumgusa mtu bega hapana.

#7

Mimi hukaa, nafumba macho. Na hapo @#4 hatukubaliani, ukisimama mbele yangu unanizibia.

#10

Swali la mzazi. Nina mtoto wa miaka 7 anapenda kuimba, nimpeleke Messiah au ni mapema? Naogopa atachoka nami nitatumia muda wote kumwambia shhh.

#6 (mleta uzi)

@#10 inategemea mtoto lakini mimi ningeanza na kitu kifupi. Tafuta wanaoimba A Ceremony of Carols ya Benjamin Britten. Ni dakika 20 na kidogo, sauti za juu na kinubi tu, na wanakwaya wanaingia wakiwa wanatembea wanaimba, na mwisho wanatoka wanatembea wanaimba mpaka sauti inapotelea mlangoni. Mtoto ana kitu cha kuangalia. Na mara nyingi wanaoimba ni watoto wenzake. Britten aliiandika 1942 akiwa ndani ya meli anavuka Atlantiki kurudi Uingereza wakati wa vita, kwenye kachumba kadogo, na imekuwa na mwanga hivyo.

Au ibada ile ya masomo tisa na nyimbo, kama wanavyofanya King's College, Cambridge, tangu 1918. Pale inasomwa Biblia kidogo, unaimbwa wimbo, inasomwa tena, mtoto hachoki. Na mwambie hii: inaanza na mtoto mmoja anaimba peke yake, na pale King's watoto wenyewe hawajui ni nani kati yao ataimba mpaka muda wenyewe umefika, mwongoza kwaya anamwonyesha tu kwa kidole. Mwanangu nilipomwambia alikaa kimya anaangalia kila mtoto akijaribu kubahatisha.

Kaa pembeni karibu na njia, akichoka mnatoka kati ya wimbo na wimbo na hakuna ubaya.

#11

Mbona wote mnaongelea vyombo na tarumbeta. Kwangu mimi Krismasi ni zile zinazoimbwa bila vyombo. Mwaka juzi nilisikia O magnum mysterium ya mtunzi Mhispania Victoria, ya 1572, watu 16 tu. Mwalimu akagonga kile kichuma cha ncha mbili akakiweka sikioni, akawapa sauti kwa kunong'ona, hakuna aliyesikia zaidi yao. Soprano wakaanza, wale wa pili wakawafuata na melodi ileile, alafu tenor, alafu besi, kama watu wanaingia mmoja mmoja kwenye chumba alicholala mtoto wanaogopa kumwamsha. Maneno yake ni kuhusu wanyama, kwamba ni fumbo kubwa kuwa wanyama ndo walimwona Bwana amelala horini. Nilikuwa nimetoka kumzika baba mwezi mmoja kabla ya hapo. Sikuwa nataka kitu cha furaha na hakuna wimbo wa redioni uliokuwa unanifaa. Ule ulinifaa. Haukuniambia nifurahi, ulikaa tu na mimi.

Naenda kila mwaka sa hivi. Nachagua konseti ndogo, watu wachache, bila vyombo.

#6 (mleta uzi)

@#11 pole sana kwa mzee. Asante kwa kutuandikia, nimesoma mara mbili. Jana nao kabla ya Messiah waliimba mbili tatu za hivyo, ile ya mtunzi Praetorius ya 1609 ya waridi lililochipua katikati ya baridi, na nilivyokuwa na haraka ya Handel sikuisikiliza inavyostahili. Sasa najuta.

#2

Wadau nimerudi. Nimeenda! Jana. Ilikuwa Messiah sehemu ya kwanza na Haleluya kama ya dada.

Nilisoma Isaya kabla. Niliwahi, nikamuuliza mhudumu alto wanakaa wapi akanishangaa kidogo alafu akanionyesha, ilikuwa kulia. Walikuwa 6 tu. Wakati wa vayolini kabla hawajaingia nilikuwa nimeshika benchi utadhani mimi ndo naimba. Waliingia sawasawa.

Kwenye mtoto amezaliwa nilifanya ulivyosema, nikafuata sauti moja. Wanaanza soprano, tenor wanapokea, alafu ikaja zamu ya alto na mle ndani mama mmoja mtu mzima wa mstari wa nyuma akakifunga kitabu chake cha noti kabisa akaimba akituangalia sisi. Alafu kwaya yote ikalipuka kwenye Mshauri wa ajabu. Nilisisimka mpaka mikono.

Nilipiga makofi mapema mara moja. Wawili wakanifuata, ikapita.

#6 (mleta uzi)

@#2 umenifurahisha mno, na huyo mama wa kitabu natamani kumjua. Hebu niambie, pale kwenye bikira atachukua mimba, aliyeimba solo ya alto alikuwa mwanamke?

#2

Mwanaume. Aliposimama nilidhani ni besi, mrefu, ndevu, alafu ikatoka ile sauti. Mtoto wa benchi la mbele akamgeukia mama yake mdomo wazi, mama yake naye mdomo wazi.